Vibao vya Jerry Lee Lewis na ule mkono wa kushoto

CD ile niliinunua Sh 5,000 Kariakoo, kwenye meza ya barabarani, ikiwa imelala katikati ya mahubiri na filamu za Kinigeria. Jaladani kulikuwa na Jerry Lee Lewis, mpiga piano wa rock and roll wa Marekani, Mzungu mwenye nywele za mawimbi zilizomwangukia usoni, na maandishi makubwa ya rangi ya dhahabu yaliyosema kwamba hivi ndivyo vibao vyake vilivyotamba kuliko vyote. Ilikuwa 2008. Kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia mara moja tu, redioni, usiku, na wimbo ule wa dakika tatu kasoro ulinikalisha kitandani nikawasha taa. Kwa hiyo sikubishana bei.

Nilipofika nyumbani niliiweka. Maneno yalikuwa yale yale, sauti ile ile yenye kiburi, na piano ipo. Ila moto haukuwaka. Niliongeza sauti, nikaazima spika za kaka yangu, mwisho nikailaumu redio. Ilinichukua miaka kuipata rekodi yenyewe ya 1957, na nilipozisikiliza mbili hizo moja baada ya nyingine ndipo nilipoelewa: nilikuwa nimeuziwa Jerry Lee Lewis akimwiga Jerry Lee Lewis.

Muuzaji hakuwa na kosa, wala sidhani kama aliwahi kuisikiliza. Mchezo wenyewe ulianza mbali. Lewis alitamba akiwa na Sun Records, kampuni ndogo ya Sam Phillips mjini Memphis. Mwaka 1963 mkataba ulipoisha akahamia Smash, tawi la Mercury. Mwimbaji akahama, lakini kanda zilibaki kwa Phillips, kwa sababu rekodi ni mali ya kampuni iliyoirekodi. Smash wakawa na mtu maarufu asiye na nyimbo zake maarufu. Wakafanya lililofanywa na kampuni nyingi kabla na baada yao: wakamwingiza studio aziimbe upya, na 1964 wakatoa santuri iitwayo The Golden Hits of Jerry Lee Lewis. Hakuna uongo hapo. Vibao ni vyake, na ni yeye anayeimba. Kinachokosekana ni ile siku yenyewe.

Halafu 1969 Phillips akaiuza Sun kwa Shelby Singleton. Mtu huyu alikuwa bosi huko Mercury wakati Lewis anachukuliwa, kwa hiyo aliijua vizuri tofauti ya kanda alizonunua na zile za marudio. Haraka akatoa mikusanyo miwili akaiita Original Golden Hits. Kwa miaka mingi nililiona neno hilo Original kama pambo la jaladani. Kumbe lilikuwa limebeba ugomvi mzima wa kibiashara. Tangu hapo, kila nikishika mkusanyo wa vibao vya mwanamuziki yeyote mkongwe, nageuza nyuma kwanza kutafuta mwaka wa kurekodiwa. Kama haukuandikwa, naurudisha mezani.

Mkusanyo ninaoupenda ni ule uliotolewa na kampuni ya Rhino mwaka 1993, All Killer, No Filler. Ni CD mbili zenye nyimbo 42, na rekodi zake za Sun ni zile zenyewe. Jina lake linatania lakabu ya Lewis, aliyekuwa akiitwa The Killer tangu ujana wake. Ndio ninaousikiliza ninapoandika haya, na nyimbo nyingine nimeshazirudia hadi jirani amegonga ukuta.

Turudi kwenye moto uliokosekana. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisa, na tatizo nililitafuta kwa vidole. Kwa waliolelewa na sol-fa, yaani do-re-mi, kama mimi, mkono wa kushoto wa Lewis unaelezeka kirahisi: do na so pamoja, kisha do na la, wakati mwingine unapanda hadi ta, yaani ti iliyoshushwa nusu, halafu unashuka. Mapigo manane kila kipimo, bila kupumzika, kama mtu anayetwanga kinuni. Kwenye rekodi za Sun, mkono huo unatwanga nota zilizonyooka huku mpiga ngoma, J. M. Van Eaton, akipiga kwa kuyumba kidogo, kama mwendo wa farasi. Wawili hao hawakubaliani kabisa, na ndani ya ule mwanya wa kutokukubaliana ndimo wimbo unamochemkia. Weka juu yake mwangwi mfupi wa studio ya Sun, ule unaofanya kila neno lijirudie kama limegonga bati. Kwenye marudio, watu wote wanakwenda pamoja vizuri sana. Ndiyo maana haiinuki shingo ya mtu.

Mkono wa kulia ndio uliompa sifa. Kufagia vibonye kwa ukucha kutoka juu hadi chini, kupiga kwa kisigino, kupiga teke kiti. Tarehe 28 Julai 1957 aliyafanya hayo kwenye kipindi cha televisheni cha Steve Allen. Kiti kikaruka nje ya picha, na Allen mwenyewe akakirusha kurudi. Wimbo ulikuwa Whole Lotta Shakin' Goin' On, ambao Big Maybelle, mwimbaji Mweusi, alikuwa ameurekodi miaka miwili kabla. Baada ya usiku ule ulipanda hadi namba 3 kwenye orodha ya pop, na ukashika namba 1 kwenye orodha ya country na ile ya rhythm and blues. Ona hapo: wimbo mmoja, namba moja kwa wakulima wa Kizungu na namba moja kwa Weusi wa mjini, katika nchi ambayo watu hao hawakuruhusiwa kukaa benchi moja sehemu nyingi.

Ila mkono wa kulia unaweza kuigwa na yeyote mwenye ukucha mgumu. Ule wa kushoto mimi niliujua zamani, na hapa ndipo hadithi yangu inapoingiliana na yake.

Nyumbani kwetu hatukuwa na muziki wa dunia. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kaseti zilizoruhusiwa zilijaa kisanduku kimoja cha biskuti. Mbili kati ya hizo zilikuwa za mhubiri wa Kimarekani, Jimmy Swaggart, akiimba injili huku akipiga piano. Nilijifunza kinanda kwa kuziiga, nikirudisha nyuma kwa penseli ili betri zisiishe. Kwa hiyo siku nilipopata Lewis halisi wa 1957, vidole vyangu vilimtambua kabla ya masikio. Mkono wa kushoto ulikuwa wa Swaggart.

Hao ni binamu. Swaggart alizaliwa Machi 1935, Lewis Septemba mwaka huo huo, na binamu yao wa tatu, Mickey Gilley, aliyekuja kuwa nyota wa country, Machi 1936. Wote watatu walikulia Ferriday, mji mdogo wa Louisiana karibu na Mto Mississippi, na wote watatu walipiga piano. Wazazi wa Lewis, Elmo na Mamie, waliweka rehani shamba lao wamnunulie kijana wao piano. Mjini hapo kulikuwa na ukumbi wa starehe wa Weusi, Haney's Big House, na Lewis na Swaggart wakiwa watoto walikuwa wakinyemelea kusikiliza. Jumapili walikuwa kanisani, Assemblies of God, ukoo mmoja wa makanisa na TAG na KAG tunazozijua huku kwetu. Kwa hiyo ile do-so, do-la niliyoizoea kama sauti ya Roho Mtakatifu ilitoka pia dirishani mwa baa, na ilitoka mahali pote pawili kwa wakati mmoja. Sijui Baba angefanya nini na habari hiyo mwaka 1995. Nadhani kisanduku cha biskuti kingepungua.

Mama yake Lewis alitaka awe mhubiri. Akapelekwa chuo cha Biblia, Waxahachie, Texas. Siku moja kwenye kusanyiko la chuo akaombwa kupiga wimbo wa dini, My God Is Real, akauanza kwa heshima, kisha mkono wa kushoto ukamshinda. Ukawa boogie-woogie, piano ya kuchezesha watu baa. Wanafunzi wakashangilia, na uongozi ukamfukuza.

Nikisoma habari hiyo huwa nacheka kwa uchungu. Mwaka 2011, ibada ya shukrani, pambio lilikuwa limekolea, akina mama wameshatoa vitambaa, na mimi nikaongeza kidogo upande wa besi. Kidogo tu. Kwaya ikanifuata, kisha kanisa zima. Baada ya ibada nikaitwa ofisini. Nikaambiwa nimeleta sebene madhabahuni, na kwamba nipumzike kwanza miezi mitatu. Nilisema ndiyo mchungaji, nikatoka. Sikumwambia kwamba lile halikuwa sebene, wala kwamba nililitoa kwenye kaseti ya mhubiri. Kuna ubishi ambao ukishinda unakuwa umeshindwa. Nilikaa benchi la nyuma miezi yote mitatu nikisikiliza mwenzangu akipiga kwa mkono mmoja.

Lewis hakukaa benchi la nyuma. Mwaka 1956 familia iliuza mayai kupata nauli na posho ya kwenda Memphis, na Novemba akarekodiwa na Jack Clement, fundi wa Sun. Single yake ya kwanza ilikuwa Crazy Arms, wimbo wa country ambao Ray Price alikuwa ametamba nao mwaka huo huo. Nilishangaa nilipojua hivyo. Mtu tunayeambiwa ni mfalme wa fujo alianza na wimbo wa mwanamume anayeachwa, karibu piano na ngoma peke yake. Msikilize vizuri: hana haraka, hapigi kelele, na mkono wa kushoto unatembea kama mzee anayerudi kutoka shamba.

Kisha vikaja vile vibao vitatu vinavyofuatana katika kila mkusanyo: Whole Lotta, Great Balls of Fire, Breathless. Kuhusu hicho cha pili kuna mazungumzo yaliyobaki kwenye kanda, ya siku waliyokuwa wakikirekodi, Oktoba 1957. Lewis anamgeukia Phillips na kuanza kuhubiri, kwamba muziki huu ni wa shetani. Phillips anajaribu kumshawishi kwamba mwanamuziki naye anaweza kuokoa roho za watu. Lewis anakataa, anapandisha sauti, anasema shetani yumo ndani yake. Baada ya mabishano hayo ndipo wanarekodi. Wengine husikiliza kanda hiyo kama kichekesho. Mimi nimekaa ofisini kwa mchungaji, na nausikia pale ugomvi wa kanisa letu, isipokuwa kwamba mchungaji na mpiga kinanda wamo katika mwili mmoja. Great Balls of Fire ilifika namba 2 Marekani na namba 1 Uingereza.

Sasa kuna mahali ambapo mkusanyo wa vibao huwa unaruka, na ndipo hasa ninapotaka kusimama.

CD inakwenda vizuri hadi High School Confidential, 1958. Ule wimbo unaisha, zinapita sekunde mbili tatu za ukimya, unaingia mwingine. Orodha haikuambii kilichotokea. Mei 1958 Lewis alitua London kwa ziara, akiwa na miaka 22, na waandishi wakamwona msichana. Alikuwa Myra, mke wake wa tatu, mtoto wa binamu yake ambaye pia alikuwa mpiga besi wake. Alikuwa na miaka 13. Walikuwa wamefunga ndoa Desemba iliyotangulia, kabla hata talaka ya ndoa ya pili haijakamilika. Ziara ikavunjwa baada ya maonyesho matatu. Nyumbani, redio zikaacha kumpiga, na malipo yaliyofikia dola 10,000 kwa usiku yakashuka hadi dola 250.

Mashabiki wengi wanaisimulia habari hiyo kama mkasa uliompata Lewis, mtu mwenye kipaji aliyeangushwa na magazeti. Sikubaliani nao. Kama kuna mtu aliyepatwa na mkasa ni yule mtoto, na ninaandika haya katika nchi ambayo bado tunawatafutia waume wasichana wa umri huo na kuwaita wameshakua. Nampenda mpiga piano huyu, na siwezi kuusikiliza wimbo ule wenye neno High School bila kulikumbuka jambo hilo. Yote mawili ni kweli na hayasaidiani. Sun wenyewe walijaribu kuligeuza jambo hilo mzaha: 1958 walitoa rekodi ya mahojiano ya kubuni, The Return of Jerry Lee, ambamo maswali ya mtangazaji yanajibiwa na vipande vya nyimbo zake. Inachekesha kwa namna inayokuacha umejionea aibu.

Miaka kumi iliyofuata, mkusanyo unaipita kwa hatua kubwa. What'd I Say ya Ray Charles, 1961, ilimfikisha namba 30. Mwaka 1962 mwanawe mdogo, aliyempa jina la Steve Allen kwa shukrani ya usiku ule wa kiti, alizama kwenye bwawa la kuogelea akafa, na baba alikuwa barabarani akitafuta riziki kwenye vilabu vidogo. Aprili 1964 alirekodiwa jukwaani Star Club, ukumbi wa Hamburg, Ujerumani, na hiyo wengi huiita santuri kali kuliko zote za rock zilizowahi kurekodiwa mbele ya watu. Ila haikuwa kibao cha redioni, na kwenye mikusanyo haionekani sana.

Halafu, 1968, sauti nyingine kabisa. Wakati huo Lewis alikuwa Los Angeles akiigiza Iago, yule mhaini, katika mchezo wa muziki uliotokana na Othello ya Shakespeare, jambo ambalo ningelipa nauli kuliona. Mtayarishaji Jerry Kennedy wa Nashville akampa Another Place, Another Time, wimbo wa pole wa mtu anayeogopa kurudi chumbani peke yake. Ukafika namba 4 kwenye orodha ya country. Ukafuata What's Made Milwaukee Famous, namba 2, unaochezea tangazo la bia ya Schlitz iliyojisifu kuupa mji wa Milwaukee umaarufu. Mlevi anaimba kwamba kilichoupa mji jina kimemwacha yeye bila mke. Mwanzoni mwa 1969 akashika namba 1 kwa To Make Love Sweeter for You, na akaishika tena mara kadhaa kufikia 1972.

Wale wanaopenda rock husema hapo ndipo alipopoa. Ningewaomba waweke mkono wao wa kushoto mezani wanapousikiliza wimbo wa Milwaukee. Filimbi hakuna, kelele hakuna, fidla inalia pembeni, na piano inajibu kila mstari kwa maneno machache kama rafiki anayesikiliza mlevi akijieleza. Do-so, do-la bado ipo, imeshushwa sauti tu. Mtu aliyeanza na Crazy Arms alikuwa amerudi alikoanzia, na safari hii hakuwa na miaka 21. Alikuwa ameharibu vitu vingi, na sauti ilishajua.

Mwaka 1973, tarehe 20 Januari, Grand Ole Opry, hekalu la country Nashville, walimwalika hatimaye. Mji huo huo ulikuwa umemkatisha tamaa akiwa kijana, akaambiwa aache piano ajifunze gitaa. Sharti lilikuwa aimbe country tu, na asitukane. Alivunja yote mawili. Aliitumia nafasi ya dakika chache kwa dakika 40 hivi, akapiga Whole Lotta na Great Balls humo ndani, na katikati ya kiburi hicho akamwita jukwaani Del Wood, mama mpiga piano aliyekuwa amemtendea wema zamani zile alipokuwa si kitu, wakapiga pamoja. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, labda kwa sababu wapiga kinanda tuna deni la kukumbuka nani alitupisha kwenye kiti.

Alifariki Oktoba 28, 2022, jimbo la Mississippi, akiwa na miaka 87. Siku 12 kabla ya hapo alikuwa ameingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa muziki wa country, miaka 36 baada ya ule wa rock, lakini alikuwa mgonjwa asiweze kufika, na mwanamuziki mwenzake Kris Kristofferson akampelekea medali nyumbani. Mazishi yalikuwa Ferriday, na aliyeyaongoza alikuwa Swaggart, ambaye mwaka huo huo wametoa pamoja santuri ya nyimbo za injili. Gilley alikuwa ametangulia Mei. Swaggart naye akafuata Julai 2025.

Wiki ile ya msiba wake nilikuwa Arusha, nyumbani. Baba sasa haoni vizuri, anakaa kibarazani na blanketi miguuni. Nikaweka Crazy Arms kwenye simu bila kumwambia kitu. Akainua kichwa.

"Swaggart huyo," akasema. Akasikiliza kidogo tena. "Ila hapo alikuwa hajaokoka."

Nikamwambia ni binamu yake, na kwamba amekufa juzi.

"Na yeye aliokoka?"

Nikamwambia, Baba, hilo alibishana nalo maisha yake yote, hata studio. Alinyamaza. Wimbo ulikuwa umeshafika mwisho, jogoo wa jirani anawika saa kumi alasiri kama kawaida yake.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale kinanda kinapoanza."